Kipupwe Mlimani: Kwa Nini Nguo Mbichi Huua

Mnamo tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka pwani kwenda nchi ya Wachagga, aliona kitu cheupe kikimeremeta juu ya mlima mkubwa uliokuwa mbele yake. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilizusha mabishano ya miaka mingi, kwa kuwa baadhi ya wataalamu wa jiografia hawakukubali kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Yule kiongozi hakushirikishwa katika mabishano hayo. Hata hivyo alikuwa amelitaja jambo lenyewe kwa usahihi zaidi kuliko wao, maana apandaye Kilimanjaro hukutana na baridi muda mrefu kabla ya kuiona theluji, na pengine haioni theluji kamwe.

Makala haya yahusu baridi hiyo, hasa ile ya miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ambapo walimu kadhaa huwachukua wanafunzi wao kwa matembezi ya siku moja mlimani. Njia itumiwayo sana huanzia lango la Marangu, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hupita msituni hadi vibanda vya Mandara kwenye mita 2,700 hivi, na wenye nguvu bado huongeza mwendo mfupi hadi ukingo wa kreta ya Maundi. Ni kilomita nane hivi za kupanda na nane za kushuka. Hakuna barafu njiani, hakuna jabali la kupandwa kwa kamba, na oksijeni ingali ya kutosha kwa mtu mwenye afya. Kwa sababu hiyo wengi huiona safari hii kuwa kama matembezi ya bustanini. Vijana hufika langoni wamevaa fulana za pamba, suruali za jinzi na raba, wakiamini kwamba baridi yenyewe iko mbali, huko juu Kibo. Imani hiyo haina msingi katika sayansi. Mwili wa binadamu waweza kupoa hadi kufa mahali ambapo maji hayakaribii kuganda, na kinachoufikisha huko si theluji bali ni nguo iliyolowa na upepo unaoipuliza.

Upepo unaopanda

Katika nchi za Ulaya majira ya baridi huletwa na mlalo wa mhimili wa dunia: jua hupita chini angani, mchana huwa mfupi, na ardhi hupokea joto kidogo. Kilimanjaro uko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la Julai hapo halipungui nguvu sana. Kinachobadilika zaidi ni upepo. Katika miezi hiyo huvuma kusi, upepo ambao manahodha wa majahazi wameutegemea kwa karne nyingi, nao hufika bara ukiwa umebeba mvuke wa bahari. Ukiukuta mlima uliosimama peke yake katika uwanda, upepo huo hulazimika kupanda.

Hewa inayopanda hupoa, wala haihitaji kukutana na kitu cha baridi ili ipoe. Mwanafunzi aliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli anajua kuwa pampu hupata moto hewa inapobanwa. Mlimani hutokea kinyume chake. Kadiri hewa inavyopanda ndivyo kanieneo inavyopungua; hewa hutanuka, na kazi ya kutanuka huifanya kwa kutumia joto lake yenyewe. Hewa kavu hupoteza karibu nyuzi 10 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mvuke ukianza kugeuka matone, joto lililokuwa limefichama ndani yake hutolewa na kasi hiyo hupungua. Ndiyo maana wastani unaotumiwa katika hesabu za kawaida ni kama nyuzi 6 kwa mita 1,000. Ikiwa Moshi mjini, kwenye mita 800 hivi, kipimajoto chaonyesha nyuzi 22, basi Mandara patarajiwe nyuzi 10 au 11.

Matone hayo ndiyo ukungu unaoufunika mlima kwa siku nyingi za kipupwe, hata mkazi wa Moshi akakaa juma zima asiuone Kibo. Masika yamekwisha, na katika tambarare vumbi limeanza kutimka, lakini ndani ya msitu wa upande wa kusini miti hudondosha maji. Ndevu za kijani kibichi zinazoning'inia matawini, pamoja na kuvumwani zinazofunika mashina, huunasa ukungu na kuunywa. Mwanafunzi apitaye chini yake hulowa pole pole bila kunyeshewa na mvua yo yote anayoweza kuiita mvua.

Nyuzi 11 peke yake si jambo la kutisha. Wakazi wa Makete na Njombe huamkia baridi kubwa kuliko hiyo katika Julai na kwenda shambani. Tofauti yao na kijana wa fulana ni kwamba wao huingia katika baridi hiyo wakiwa wakavu.

Mtungi na fulana

Mwili hujipatia joto kwa kuunguza chakula. Mtu mzima aliyepumzika hutoa joto la wati 80 hadi 100, kiasi cha globu moja ya zamani ya umeme. Apandapo mlima kwa bidii hutoa wati 400 au 500. Joto hilo ni jingi kupita mahitaji yake, hata katika nyuzi 11, na mwili huliondoa kwa kutoa jasho. Basi kijana anayepanda mbio ili awe wa kwanza kufika Mandara hulowa kutoka pande mbili: ukungu nje na jasho ndani. Wakati huo hasikii baridi hata kidogo. Pengine huwacheka wenzake waliovaa masweta.

Kinachofuata chaweza kuelezwa kwa mtungi. Kila aliyekulia katika nyumba yenye mtungi anajua kwamba maji yake hubaki baridi hata wakati wa jua kali. Maji kidogo hupenya katika vitundu vya udongo, hufika nje, na hugeuka mvuke. Na kila gramu inayogeuka mvuke huchukua joto la jouli 2,400 hivi. Joto hilo hutolewa na maji yaliyobaki ndani. Fulana iliyolowa iliyogusana na ngozi hufanya kazi ile ile ya udongo wa mtungi, isipokuwa kwamba kinachopozwa humo ni damu ya mtu.

Hesabu yake si ngumu na yafaa kufanywa darasani. Chukuliwe mwanafunzi wa kilo 60 ambaye nguo zake zimeshika nusu lita ya maji, kiasi ambacho suruali ya jinzi na fulana hubeba bila shida. Ili maji hayo yakauke yote yatahitaji kilojouli 1,200. Kilo moja ya mwili huhitaji kilojouli 3.5 hivi ili joto lake libadilike kwa nyuzi moja; kilo 60 zitahitaji 210. Gawanya 1,200 kwa 210: jibu ni karibu nyuzi 6. Yaani kama joto lote la kukausha nguo hizo lingetoka mwilini, na mwili usitengeneze joto jingine, mwanafunzi huyo angeshuka kutoka nyuzi 37 hadi 31. Kwa kweli mwili haukai kimya. Huendelea kutengeneza joto. Lakini kwa wati 100 za mtu aliyekaa, kilojouli 1,200 ni kazi ya zaidi ya saa tatu, na katika muda huo hakuna akiba ya kulipia upotevu mwingine wo wote.

Na upotevu mwingine upo. Nguo haina joto lake yenyewe. Kinachomkinga mvaaji ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi zake. Maji yakichukua nafasi ya hewa hiyo kinga hutoweka, kwa kuwa maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Nyuzi za pamba zikilowa hulala na kugandamana na ngozi. Za sufu husimama kwa kiasi fulani hata zikilowa, na hiyo ndiyo sababu wachungaji wa nchi za baridi wameshikilia sufu kwa karne nyingi pasipo kufundishwa fizikia.

Upepo nao huongeza lake. Kila mwili wenye joto umezungukwa na utando mwembamba wa hewa uliopashwa moto na ngozi. Upepo huupeperusha utando huo, hewa baridi huja mahali pake, nayo hupashwa moto na kupeperushwa vivyo hivyo bila kikomo. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo hilo huko Antaktika mwaka 1941 kwa njia rahisi ya kupendeza: walitundika chombo cha plastiki chenye maji kwenye upepo na kuhesabu muda ambao maji yalichukua kuganda. Majedwali ya ubaridi wa upepo yanayotangazwa na vituo vya hali ya hewa katika nchi za kaskazini yametokana na mwanzo huo.

Jaribio kama hilo lawezekana katika shule yo yote iliyo na vipimajoto vitatu. Jaza chupa tatu zilizo sawa maji ya nyuzi 50. Ya kwanza iachwe uchi. Ya pili ivishwe soksi kavu ya pamba. Ya tatu ivishwe soksi ya aina hiyo hiyo iliyochovywa katika maji ya nyuzi 50 na kukamuliwa, ili asiwepo wa kudai kuwa imepozwa na maji baridi ya soksi. Zote tatu ziwekwe dirishani penye upepo, joto lisomwe kila baada ya dakika tano kwa nusu saa, na grafu ichorwe. Chupa yenye soksi kavu hupoa polepole kuliko zote, na yenye soksi mbichi huitangulia hata ile isiyovaa kitu. Wanafunzi wengi hutabiri kwamba nguo mbichi ni afadhali kuliko kutovaa kabisa, na ni vizuri mwalimu awaache waandike utabiri wao kwanza.

Apandaye zaidi ya Mandara, hadi Horombo kwenye mita 3,700, atakuta joto fichi la maji likitumiwa kwa faida. Huko juu baridi kubwa haingoji kipupwe. Huja kila usiku, mwezi wo wote wa mwaka, na mimea haina pa kuikimbilia. Lobelia iitwayo kitaalamu Lobelia deckenii huhifadhi maji katikati ya majani yake yaliyopangwa kama bakuli. Usiku maji ya juu huganda, na kwa kuganda hutoa joto, jouli 330 hivi kwa kila gramu. Chini ya tabaka hilo la barafu kichipukizi hubaki katika maji ambayo hayajaganda. Jirani yake, mti mkubwa wa jamii ya senesio, hauyaangushi majani yake makavu, bali huyaacha yakiufunika shina kama blanketi nene. Mmoja hutegemea maji yanayotoa joto, mwingine hutegemea ukavu. Kijana wa fulana mbichi hana hata moja kati ya hayo mawili, kwa sababu maji yaliyomo katika nguo zake yanakauka, na yanapokauka huchukua joto badala ya kulitoa.

Pumziko la Mandara

Mnamo Machi 1964, huko Derbyshire nchini Uingereza, vijana watatu walikufa katika mashindano ya kutembea yaliyojulikana kwa jina la Four Inns. Vilima vya huko havifiki hata nusu ya kimo cha lango la Marangu, na vijana wale walikuwa wenye afya na mazoezi. Kilichokuwapo ni mvua, upepo, nguo zilizolowa na uchovu. Daktari Griffith Pugh, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa katika msafara wa Everest wa mwaka 1953, aliyachunguza mavazi ya aina waliyovaa na akaonyesha jinsi kinga yake inavyopungua sana yakilowa na kupigwa na upepo. Uchunguzi wake ulisaidia kuwatoa watu katika dhana kwamba kufa kwa baridi ni jambo la wapanda theluji peke yao.

Fikiria basi kundi la wanafunzi linapofika Mandara saa sita mchana. Wakati wa kupanda tanuri la mwili lilikuwa likitoa wati 450. Mara tu wanapoketi kula linashuka hadi 100. Nguo zingali mbichi, uvukizi haujapungua, na nje ya miti upepo ni mkali zaidi. Katika robo saa hiyo ya kwanza ya kukaa ndipo hesabu inapopinduka. Wa kwanza kutetemeka kwa kawaida ni wembamba na wadogo kwa umri, na sababu yake ni ya jiometria: mwili mdogo una eneo kubwa la ngozi ukilinganishwa na ujazo wake, kama vile viazi vidogo vinavyopoa mapema kuliko vikubwa katika sahani moja. Si dalili ya uoga wala ya kudeka, na mwalimu asiruhusu achekwe.

Kutetemeka ni kazi ya misuli ya kutengeneza joto, na maadamu mtu anatetemeka kwa nguvu mwili wake ungali unapigana. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 huanza hali ambayo waganga huiita haipothemia. Vidole hukataa kufunga vifungo. Mtu hujikwaa mahali palipo sawa, maneno humtoka kama ya mlevi, hujitenga, hukasirika bila sababu au husema tu kwamba anataka kulala. Kwenye nyuzi 32 hivi kutetemeka hukoma, na wasiojua hudhani amepata nafuu. Ukweli ni kwamba mwili umeishiwa. Akiendelea kupoa, moyo waweza kupoteza mapigo yake ya kawaida.

Hatari kubwa ni kuwa hali hii huharibu akili kabla ya kuharibu miguu. Mgonjwa mwenyewe hatasema kwamba anaumwa. Atakana. Kwa hiyo ni wajibu wa wenzake kumwangalia, na kutenda mapema: atolewe upepononi, avuliwe nguo mbichi zote na kuvikwa kavu, afunikwe kichwa, akalishwe juu ya kitu kikavu wala si juu ya ardhi yenyewe, akumbatiwe na mwenzake mwenye joto, na kama yu macho na anaweza kumeza, anyweshwe chai yenye sukari nyingi. Asisuguliwe mikono na miguu. Aliyekwisha acha kutetemeka, au anayepoteza fahamu, abebwe kwa upole akiwa amelala, na msaada wa askari wa hifadhi uitwe mara moja. Kuhusu pombe kali, ambayo baadhi ya wazee huisifu kwa kutia joto, yatosha kusema kwamba huitanua mishipa ya ngozi na kuipeleka damu ya moto nje, mahali pa kupozwa. Joto linalosikika usoni ni lile linalotoroka.

Kinga haihitaji vifaa vya ghali. Sweta la sufu au la nyuzi za viwandani kama polista hupatikana katika soko la mitumba kwa bei ndogo, na koti jepesi la mvua hulizuia ukungu na upepo kwa pamoja. Jinzi libaki nyumbani. Fulana moja kavu na soksi kavu zifungwe ndani ya begi mahali pasipopenya maji, zisiguswe hadi Mandara, na zivaliwe hapo kabla ya mtu kuketi, si baada ya kula. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo kopo lenye mfuniko litafaa. Sweta livuliwe mwanzoni mwa mpando, hata kama mvuaji atasikia baridi kwa dakika kumi, kwani jasho lisilotoka halihitaji kukaushwa. Waongoza wageni wa Kilimanjaro hulirudia neno pole pole tangu langoni hadi kileleni, na wageni huambiwa kuwa ni kwa ajili ya uhaba wa oksijeni. Kwenye njia ya Mandara sababu ya fulana kavu ina uzito zaidi.

Mwalimu anayeongoza kundi aweza kutumia kipimo kisichohitaji chombo cho chote. Kila mwanafunzi, kabla ya kuondoka Mandara, anyooshe mkono na kugusisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho. Asiyeweza kufanya hivyo asiendelee kwenda Maundi. Avishwe nguo kavu, anyweshwe chai, na akishapata joto aanze kushuka pamoja na mtu mzima, huku wengine wakimfuata nyuma kwa mwendo wake.